Ulikuwa Unawaza Nini Ulipompa?

Mara ya kwanza nilipouona mgongo wa yule bibi wa Kikambodia nilijua amepigwa. Michirizi myekundu, mingine imeshageuka zambarau, ilianzia kwenye uti wa mgongo ikashuka mbavuni pande zote mbili, imejipanga kama mistari ya jani la mgomba. Leseni yangu ya unesi ilikuwa na miezi minne tu. Huku Massachusetts, Marekani, nesi akishuku kwamba mzee anadhuriwa hana hiari, lazima aripoti. Nikaripoti. Binti mkubwa wa mgonjwa akaitwa, akaja moja kwa moja kutoka kiwandani na aproni yake, akahojiwa saa nzima kupitia mkalimani wa simu.

Kumbe ilikuwa kos khyol. Wakambodia wanasema ni kukwaruza upepo: mtu akiwa na mafua au kichwa kinamgonga, anapakwa mafuta ya kuchua, kisha anakwaruzwa kwa ukingo wa sarafu mpaka damu ipande kwenye ngozi. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba afanyiwe. Yule binti hakunigombeza. Aliviweka viganja pamoja, akainama kidogo, akaenda zake. Kwa karibu mwaka mzima hakuniambia neno zaidi ya asante.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu familia niliyoiripoti ndiyo iliyokuja kunifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu kumsindikiza mtu anayekufa.

Mji wetu, Lowell, ni wa viwanda vya zamani vya nguo, kando ya mto Merrimack. Wakambodia walianza kuja miaka ya 1980 kutoka kambi za wakimbizi zilizokuwa Thailand. Wakenya tulifuata baadaye, na wengi wetu tukaangukia kazi ya wazee. Ukiingia zamu ya usiku katika nyumba nyingi za wazee huku, unaweza kumkuta bibi wa Kikambodia kitandani na mwanamke wa Nyeri au Kisii akimgeuza ubavu. Bibi ametoroka vita, huyu wa pili ametoroka ukosefu wa kazi, na Kiingereza cha wote wawili kina kigugumizi.

Yule bibi wa michirizi tulimwita Yeay, yaani nyanya. Ukutani kwake palikuwa na picha ya mtawa mzee aliyenyoa kichwa, anatabasamu, na mimi kwa wiki kadhaa nilidhani ni marehemu mumewe aliyeokoka akavaa kanzu ya rangi ya machungwa. Alikuwa Maha Ghosananda, mtawa aliyewafuata watu wake kambini walipokuwa mifupa mitupu, na baadaye akaongoza matembezi ya amani kuivuka Kambodia huku mabomu ya ardhini hayajateguliwa. Alifia hapa hapa Massachusetts, mjini Northampton, mwaka 2007. Yeay alikuwa amebakiwa na maneno machache baada ya kiharusi cha pili, na sentensi moja alimwambia kila aliyeingia chumbani, hata fundi wa taa: umekula wali? Kwa Wakhmer, yaani Wakambodia hawa, hiyo ni salamu tu, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani. Nilikuwa najibu ndiyo, Yeay, hata nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu saa tisa alasiri.

Miaka miwili baada ya ile ripoti, ugonjwa wa usahaulifu ukafika hatua za mwisho na akaanza kushindwa kumeza. Maji yakampalia. Kila kijiko kilikuwa hatari ya kuingia njia ya hewa. Mtaalamu wa kumeza alimpima akatikisa kichwa, na daktari akaitisha kikao cha familia kuhusu ile fomu ya rangi ya waridi ambayo Massachusetts inatumia kuandikia maagizo ya mwisho: kifua kisukumwe moyo ukisimama au kisisukumwe, mashine ya kupumua iwekwe au isiwekwe, apelekwe hospitali au abaki, na alishwe kwa mrija au la. Jimbo hili linamruhusu mtu kumteua wakala wa afya wa kumsemea akishindwa kujisemea. Wa Yeay alikuwa binti mkubwa, aliyeteuliwa zamani kabla akili haijampotea mama.

Mimi, kwa ujuaji wangu, nilimwambia daktari kwenye korido, "Hawa ni Wabuddha, watasaini tu. Wanakubali kifo." Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kwao kila kitu hupita, basi nikadhani anayeamini hivyo kalamu yake ni nyepesi.

Daktari akauliza kupitia mkalimani, "Mngependa tumfanyie mama kila kitu?"

Nimehudhuria vikao vingi tangu siku ile na bado sijaona swali baya kuliko hilo. Mtoto gani atajibu hapana, msimfanyie mama yangu kila kitu? Kwa Wakhmer kuna kitu kinaitwa kun, wema wa mzazi ambao mtoto anabaki na deni lake maisha yake yote. Mtoto anayeujua wema huo ni mtu, asiyeujua afadhali asingezaliwa. Binti mkubwa akasema ndiyo, kila kitu. Kijana mdogo wa Yeay, aliyebatizwa kambini Khao-I-Dang na sasa ni shemasi wa kanisa la kilokole, akasema ndiyo na Amina juu yake. Wa katikati alinyamaza. Sanduku la mrija kwenye fomu likawekwa alama.

Nilikasirika, naomba niseme ukweli. Daktari alikuwa ameeleza vizuri kwamba kwa mgonjwa aliyefika pale mrija hauzuii nimonia na haurefushi maisha kama watu wanavyodhani. Nikaona wamekataa kusikia.

Usiku uliofuata binti alikuja saa tano na chupa ya moto. Ndani mlikuwa na bobor, uji wa mchele, umechemshwa mpaka punje zimepasuka. Mtaalamu wa kumeza alikuwa ameshaandika mgonjwa asipewe kitu kwa mdomo. Nilisimama mlangoni nikijua napaswa kumzuia, nikashindwa, labda kwa sababu ya ile ripoti. Akachota ncha ya kijiko, akaigusisha kwenye midomo ya mama. Yeay akalamba. Halafu binti, bila kunitazama, akaanza kuongea Kiingereza chake cha kiwandani.

Alikuwa na miaka tisa Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, walipoingia Phnom Penh Aprili 1975. Walifukuzwa mjini, wakapelekwa mashambani, wakawa wanapewa uji wa mchele ulio maji matupu, unaweza kuzihesabu punje kwenye bakuli. Mama alikuwa anakunywa maji, anamwachia yeye punje. Wadogo zake wawili walikufa kwa njaa. Watawa walivuliwa kanzu wakapelekwa shambani kama kila mtu, wengi wakauawa, kwa hiyo wale watoto walizikwa bila hata mtu wa kuwasomea. Akasema, "Mnaniambia nisaini mama asilishwe."

Ndipo nikaelewa kwamba fomu ile aliyokuwa akiisoma binti si ile niliyokuwa nikiisoma mimi. Kitabu cha maadili ya unesi kilikuwa kimenifundisha mrija ni tiba, na tiba mtu anaweza kuikataa. Kwake ule ulikuwa bado uji.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii akapata wazo: aitwe mtawa kutoka hekaluni, awaambie tu kwamba dini inaruhusu. Alikuja mchana mmoja nilipokuwa nimechukua zamu ya ziada. Nikamnyooshea mkono kwa adabu yote ya Nyeri. Akarudi nyuma hatua moja. Binti akafunika uso. Mtawa wa Kitheravada, tawi la Ubuddha wanalofuata Wakambodia, hamgusi mwanamke, na kikombe cha maji nilikuja kujifunza kukiweka mezani ili akichukue mwenyewe. Chakula sikumpa maana ilikuwa imepita saa sita, na wao baada ya adhuhuri hawali.

Mtawa alikataa kuwaambia. Mfanyakazi wa ustawi alimwuliza mara tatu, kwa namna tatu, naye akatabasamu mara tatu. Baadaye yule wa katikati, msomi wa familia, alinieleza sababu. Katika kanuni za watawa yapo makosa manne ambayo ukitenda moja umeacha kuwa mtawa siku hiyo hiyo. La tatu ni kuua mtu, na ndani yake limo pia la kukisifia kifo mbele ya mgonjwa, hata ukifanya hivyo kwa huruma. Inasimuliwa kwamba watawa wa zamani walimwonea huruma mwenzao mgonjwa, wakamsifia kifo, naye akafa. Wakahukumiwa wamevuka mstari. Kwa hiyo mtawa yule asingeweza kutamka maneno "ni bora apumzike", ambayo sisi manesi tunayatamka kila wiki kama vile tunatoa habari za hali ya hewa.

Badala yake aliwapigia hadithi. Buddha alipokuwa mzee wa miaka themanini alikula chakula kwa fundi chuma aitwaye Cunda, akaumwa tumbo vibaya, na safari yake ikaishia Kusinara, chini ya miti miwili iitwayo sal, amelala kwa ubavu wa kulia. Kabla ya kufa aliwaza habari za Cunda. Akamwagiza mwanafunzi wake Ananda aende akamwondolee majuto, amwambie kwamba katika vyakula vyote alivyowahi kupewa, viwili vina thawabu kubwa kuliko vingine: kile alichokula kabla ya kuamka na kuwa Buddha, na hiki cha mwisho.

Binti alilia hapo. Alilia kimya, kwa mgongo.

Kisha mtawa akasema jambo ambalo mkalimani alilirudia mara mbili ili alitafsiri sawasawa: Buddha alisema nia ndiyo anayoiita kamma, yaani tendo linalomfuata mtu. Kila mmoja wenu ajiulize anachotaka mkono wake ufanye. Akaimba kidogo, akaondoka.

Ilichukua wiki mbili zaidi. Shemasi hakutaka, alikuwa akifunga na kuomba, na mimi Mkatoliki moyo wangu ulikuwa upande wake, kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia. Baba yangu alikufa katika chumba cha wagonjwa mahututi kule nyumbani baada ya siku tisa kwenye mashine. Hakuna aliyetuuliza kitu, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunapambana na bili, kundi la WhatsApp la harambee limejaa ujumbe wa M-Pesa na "Mungu ni mwaminifu". Shangazi aliposema kwa sauti ya chini kwamba labda tumpumzishe, kaka yangu akamwuliza kama anataka kumuua ndugu yake. Mazungumzo yakaishia hapo. Mungu akatwaa, kama tulivyoandika kwenye tangazo, ingawa mashine ilishiriki. Nilipomweleza padri wangu hapa habari za Yeay, aliniambia kwamba Papa Pius wa Kumi na Mbili alishasema mwaka 1957 kuwa mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kujishikilia hai, na kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi si hilo linalokusudiwa. Yaani jibu lilikuwepo miaka mingi kabla ya baba kuingia chumba kile. Hatukuwa na wa kutusomea.

Mwishowe sanduku la mrija likafutwa. Likaandikwa jingine: alishwe kwa mdomo, kidogo, kwa raha yake. Binti akawa anakuja kila jioni na chupa yake. Ncha ya kijiko, subiri, ncha ya kijiko. Akikohoa, anaacha. Hakuna aliyekuja kumhoji.

Hospisi, wale wanaotunza wagonjwa walio karibu kufa, wakaleta mofini, dawa kali ya maumivu, na vita vikaanza upya, sasa vya aina nyingine. Nilitegemea waogope kwamba mofini inaua. Binti aliogopa kwamba itamfunika mama akili. Kwao wazo la mwisho lina uzito mkubwa, ndilo linaloielekeza safari inayofuata, na mtu akifa katika ukungu, au kwa hofu, au huku akisikia watoto wanapigana mweleka juu ya kitanda, ameondoka vibaya. Upande wa pili maumivu nayo hayampi mtu utulivu. Yeay alikuwa anakunja uso akigeuzwa. Basi tukawa tunapima: mililita 0.25 chini ya ulimi, yaani miligramu 5, nusu saa kabla ya kumgeuza, na asipewe kabla ya saa ya sala ili awe macho. Nesi wa hospisi alikubali bila kelele. Si wote wanaokubali. Wapo wanaoona mgonjwa aliye macho ni mgonjwa asiyetunzwa.

Kuna msaidizi Mkambodia tuliyekuwa naye zamu moja mwaka 2012, mwaka ambao wapiga kura wa Massachusetts waliulizwa kama madaktari waruhusiwe kuwaandikia wagonjwa wa mwisho dawa ya kujiulia. Hoja ilishindwa kwa asilimia 51 kwa 49. Yeye alipiga kura ya hapana kwa sababu ya amri ya kwanza ya Wabuddha, usiondoe uhai. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa wake wa chumba cha saba anapata mofini kila saa nne. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji ni mawe.

Kwa sababu ya oksijeni mshumaa na ubani vilikatazwa chumbani. Mratibu wa shughuli, Mmarekani mnene mwenye moyo wa dhahabu, akaenda kununua mshumaa wa plastiki wa betri unaochezacheza kama moto. Ukawekwa chini ya picha ya Maha Ghosananda. Sala zikawa zinatoka kwenye simu ya binti, sauti ndogo, Buddham saranam gacchami, na mwanamke ambaye hakuwa ametamka neno kwa wiki tatu akawa anachezesha midomo kuzifuata. Kulia mbele yake hapakuruhusiwa. Kwetu msiba usio na kilio watu wanauliza marehemu alikuwa na ugomvi na nani. Pale wakitaka kulia walitoka. Nilimkuta shemasi katika chumba cha mashuka amekumbatia furushi la taulo, nikafunga mlango, nikamlindia.

Usiku wa mwisho nilikuwa peke yangu kwenye korido na wagonjwa ishirini na mmoja. Agizo lilisema mofini kila saa nne, ikihitajika. Neno hilo la mwisho linamwachia nesi kila kitu. Binti alikuwa amesinzia kitini, mkono wake juu ya shuka. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri pumzi za Yeay zilikuwa zimeanza kukoroma na kukatika, uso umekunjamana kidogo katikati ya nyusi. Nikavuta mililita 0.25, nikaiweka ndani ya shavu, nikaandika. Nilimgeuza kwa ubavu wa kulia, maana walikuwa wameniomba hivyo. Saa kumi na mbili kasoro robo akavuta pumzi, na nyingine haikuja. Sikuzima simu. Sala ikaendelea mpaka ikafika mwisho wake na kuanza tena, na mimi nikangoja, sikumgusa, sikupiga simu popote mpaka binti aliponipa ishara ya kichwa.

Siku ya mia moja walinialika hekaluni. Nilivaa nyeupe kama nilivyoelekezwa, nikavua viatu, nikaketi miguu imekunjwa upande mmoja mpaka ikafa ganzi. Watawa waliimba, maji yakamiminwa polepole kutoka chombo hadi chombo ili thawabu imfikie marehemu, na mbele ya picha ya Yeay lilikuwepo bakuli la bobor, limejaa mchele mpaka ukingoni.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nyuma, binti akaniuliza. Aliuliza kwa upole, huku anasugua sufuria.

"Ile dawa ya alfajiri. Ulikuwa unawaza nini ulipompa?"

Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Wananiuliza saa, kiasi, njia, sahihi. Ningeweza kumjibu kwamba niliona uso umekunjamana nikataka utulie, na ingekuwa kweli. Niliona, na nilitaka. Lakini nilikuwa nimeosha vyombo na huyu mwanamke, nilikuwa nimemripoti, na aliyekuwa akiuliza alitaka kujua mama yake aliondoka katika mkono wenye kitu gani ndani yake.

Nikamwambia niliwaza uso wake. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimechoka, chumba cha kumi na mbili kilikuwa kinapiga kengele, zamu inakwisha saa moja, na sehemu fulani yangu ilitaka korido inyamaze. Kwamba sikutaka afe, ila nilitaka iishe. Sijui tofauti yake ni upana gani.

Akafunga bomba. Akakausha mikono yote miwili, kidole kwa kidole, kwa kitambaa kilichokuwa begani. Nje watoto walikuwa wanakimbizana kati ya viatu.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.